Maharagi inakubali Kibumba, Kabare inakataa. Juu ya nini?

mama_ndosho (Goma)
Bandugu munisaidie. Niko na kashamba kule Kibumba, na hii msimu wakwe zangu wa Kabare, ngambo ya ziwa Kivu, wakanipatia kipande nilime, basi nikapanda boti nikabeba mbegu ile ile, samadi ya mbuzi ya banda moja, hata jembe ni ile ile. Kibumba maharagi iko inacheka. Kabare majani yote manjano, nimengoa mashina tatu, mizizi iko laini kama uzi, hakuna hata kivimbe kimoja. Na samadi nilifukia mwezi uliopita, nikachimbua nikaikuta ingali mabonge na inanuka choo. Sasa kuna mtu anauza chupa, anasema ndani ni mikrobe, unamwaga tu shamba linapona. Bei inaniumiza kichwa. Ninunue ao niache?

yaya_mboji (Sake)
Chupa ya nini mama! Beba ndoo moja ya udongo wa Kibumba, changanya na mbegu wakati wa kupanda, mikrobe ni ile ile na ni ya bure.

agro_kadutu (Bukavu)
Yaya mboji pole pole. Ndoo ya udongo inabeba wazuri na wabaya pamoja, kuoza kwa mizizi ya maharagi kunatembea hivyo, na ile bakteria inanyausha viazi inatembea hivyo hivyo, na Kibumba ni inchi ya viazi.

Mama, kule Kabare watu wanalima maharagi tangu zamani za babu, kwa hiyo rizobia (ndio bakteria wa vile vivimbe vya mizizi, wanakamata azoti, chakula cha majani, toka hewani wanalisha mmea) nazani wako. Kitu wanakosa ni makao. Fanya hivi: loanisha udongo kidogo, finyanga mkononi, usukume na kidole gumba utoke kama utepe. Wa Kibumba utakatika haraka, wa Kabare utaenda mrefu kama unataka kutengeneza chungu. Ule ni mfinyanzi, chembe yake haifike milimita 0.002, ya mchanga inaweza kufika milimita 2. Chembe ndogo hivyo zikishikana mvua ikinyesha vitundu vinajaa maji, hewa inatoka, na wale wanaoozesha samadi vizuri wanahitaji hewa. Wanaobaki ni wale wa bila hewa, ndio wenye ile harufu ulisikia, na kuna wengine wanakamata azoti ya mbolea wanairudisha angani. Umelisha hewa mama, si maharagi.

Kuna ingine watu hawaisemake. Bakteria ni mdogo sana, anajificha ndani ya vitundu vya mfinyanzi mahali protozoa (vidudu vinavyokula bakteria, vikubwa kuliko wao) hawawezi kupita. Utasema ni vizuri, amepona. Lakini protozoa akimkula bakteria ndipo azoti inatoka na mizizi inapata, kwa hiyo mu mfinyanzi bakteria wanaweza kuwa wengi sana na mmea uko na njaa.

Halafu asidi. Mwaka 2006 Noah Fierer na Robert Jackson walitoa kazi yao juu ya udongo wa sehemu 98 za Amerika Kaskazini na Kusini, wakakuta kitu kinachoonyesha aina za bakteria kuliko joto na mvua ni pH (kipimo cha asidi, ikiwa chini asidi ni kali): udongo wa katikati aina nyingi, wenye asidi kali aina chache. Fangasi ndio wanavumilia zaidi. Mashamba mengi ya udongo mwekundu huku kwetu yako na asidi, alumini inachoma mizizi, na rizobia hapo hawashike. Chupa yako utaimwaga, wageni watakufa mbele ya kuingia nyumba.

Pima pH kwanza. Ikiwa chini, tia chokaa ya shamba, hata majivu ya jikoni yanasaidia kidogo. Chimba mifereji. Samadi iozeshe inje kabisa, halafu changanya juu juu, usizike.

shemeji_wa_masisi
Agro amesema kweli, mimi naongeza moja tu: musiabudu udongo mweusi wa volkano kama ule wa Kibumba. Unashika fosfori kama mtu bahili anashika franka, na vivimbe bila fosfori havikue vizuri. Siku ya maua ungoe shina moja Kibumba, upasue kivimbe na kucha. Rangi ya pinki ndani, kinafanya kazi. Nyeupe ao kijani, ni mapambo tu.

mama_ndosho (Goma)
Aksanti sana. Nilitia udongo wote mbili mu chupa za maji nikatikisa, nikaacha kwa dirisha. Ya Kibumba mangaribi ilikuwa imetulia. Ya Kabare hata asubuhi ingali nyekundu kama chai ya maziwa, watoto wananiuliza ni dawa ya nani. Nimemwambia yule mtu wa mikrobe nitamwita mimi.

Lakini agro, umenitia woga na ile ya viazi, juu jembe nilipanda nalo boti lingali na udongo wa Kibumba umegandamana kwa mpini.

agro_kadutu (Bukavu)
Haya mama. Lisugue na maji na javeli leo leo, na viatu pia.