Filamu fupi za wanawake wa jamii asilia: nianze na ipi?

Mwl_Rombo: Wakuu, naendesha klabu ya filamu shuleni, mabinti wa kidato cha tatu. Projekta ipo, bando ndiyo ya kuungaunga. Natafuta filamu za wanawake wa jamii asilia, zisizozidi nusu saa. Nianze na ipi?

BintiPangani: Mwalimu, anza na Alanis Obomsawin, Mwabenaki wa Kanada. *Christmas at Moose Factory*, 1971, dakika 13 tu. Ni michoro ya krayoni ya watoto Wakree kaskazini mwa Ontario, na sauti zao wenyewe wakisimulia Krismasi. Hakuna mtaalamu anayekuja kutufafanulia, na utamu wake uko hapo hapo. Ipo bure kwenye tovuti ya Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada.

Kamera_Moja: Naongezea *Night Cries* ya Tracey Moffatt, Mwaborijini wa Australia. Dakika 17, mazungumzo hakuna: binti wa makamo anamuuguza mama yake mlezi, mzungu. Lile jangwa lote wamelitengeneza studioni! Kikwazo cha Kiingereza umeshakikwepa.

BintiPangani: Sawa, ila *Richard Cardinal* ya Obomsawin itazame peke yako kwanza. Inahusu kijana Mmétis (jamii ya Kanada yenye asili ya wenyeji na Wazungu) aliyejiua 1984 akiwa na miaka 17, baada ya kupitishwa makao 28 ya kulelea watoto. Mimi nisingewawekea bila mshauri chumbani.

Mwl_Rombo: Nimekuelewa dada. Basi Ijumaa ni Moose Factory, krayoni zipo stoo.