Wazazi wa Skauti wa Kike: Biskuti, Daftari na Sindano

IJUMAA JIONI

Dada Kiongozi: Wazazi habari za jioni. Shikamoo Bibi Tausi. Kesho wasichana wanauza biskuti za kulipia kambi yao nje ya ukumbi kuanzia saa tatu asubuhi. Waje na sare kamili, skafu imepigwa pasi, kofia na maji ya kunywa. Chenji ipo kwenye sanduku, kwa hiyo msiwape pesa mkononi.

Bibi Tausi: Marahaba mwanangu. Sare Tausi kajipigia pasi mwenyewe. Skafu ina mkunjo katikati kama barabara, nimemwachia hivyo hivyo.

Baba Jamila: Kiongozi samahani, naomba kuuliza. Asubuhi nzima juani kwa faida ndogo kiasi hiki ya nini? Kila mzazi achange kiasi fulani, kambi ilipiwe, yaishe. Watoto wapumzike Jumamosi yao.

Mama Pili: Baba Jamila umenitoa neno mdomoni 😂

Mama Pili: Mimi lakini katoni ya Pili nimeshaimaliza. Niliiweka mezani kazini, mchana haujafika hata makombo hakuna. Bosi naye kabeba zake.

Baba Mapacha: Mama Pili wewe ni moto. Kwetu katoni haijafunguliwa, na wamiliki wake wanagombana nani ataifungua.

Dada Kiongozi: Hongera Mama Pili, pesa imemfikia mhazini. Ila niulize bila ubaya: Pili mwenyewe kauza ngapi?

Mama Pili: Pili alikuwa shule jamani!

Dada Kiongozi: Basi aliyejifunza kuuza ni mama 😄

Dada Kiongozi: Baba Jamila, nikujibu na wewe. Tukichanga, kambi italipiwa, sikatai. Ila wiki iliyopita Jamila alianza kwa kujificha nyuma ya maboksi. Akaja mzee mmoja, mkali kidogo, akauliza, "Hizi pesa mnapeleka wapi?" Wote kimya. Jamila akachukua daftari, akalifungua mbele yake, akawa anamwonyesha kwa kidole: hapa tumeuza, hapa tumetoa gharama, hapa kambi. Mzee akavaa miwani akasoma mstari kwa mstari. Hakununua! Jamila akamwambia asante, akamgeukia mteja mwingine. Hilo mchango wako ungemnunulia wapi?

Baba Jamila: Jamila huyu huyu? Wa kwangu hata wageni hasalimii mpaka aitwe mara tatu.

Dada Kiongozi: Huyo huyo.

Mama Furaha (Mhazini): Na mimi niongeze. Mchango wa lazima una ubaya wake ambao hausemwi. Mwenye nacho anatuma siku hiyo hiyo. Asiye nacho hataandika hapa kwamba hana. Wiki ya kambi ikifika utasikia mtoto "ana homa". Tumeshaliona hilo, na mtoto hakuwa na homa yoyote. Biskuti zinauzwa kwa jina la kundi, kila msichana anakwenda kambini kwa pesa ile ile.

Baba Jamila: Hilo sikuwa nimelifikiria. Sawa mhazini.

Bibi Tausi: Wanangu, biskuti hizi zina umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1917, mji wa Muskogee, Oklahoma, kule Marekani, wasichana wa kundi moja walioka wenyewe wakauza kwenye mkahawa wa shule yao. Pesa ikaenda kwenye huduma kwa watu. Chama cha skauti wa kike huko ndiyo kwanza kilikuwa na miaka mitano, maana Juliette Gordon Low alianza na wasichana 18 tu mwaka 1912.

Baba Mapacha: Bibi, haya yote umeyatoa wapi?

Bibi Tausi: Nilivaa sare hii kabla baba yako hajaoa.

Mama Pili: 😂😂😂 Baba Mapacha umepatikana

Mama Furaha (Mhazini): Bibi hebu tusaidie. Biskuti zinatuletea hasara ya kuvunjika. Nina mfuko mzima wa vipande hapa. Hawakuwahi kuuza kitu kingine?

Bibi Tausi: Waliuza kalenda! Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sukari, unga na siagi viliadimika, kufika 1944 wakawa wanauza kalenda badala ya biskuti.

Mama Furaha (Mhazini): Kalenda haivunjiki mkobani. Nimelipenda.

Baba Mapacha: Ila ikibaki mpaka Machi utamuuzia nani? Biskuti angalau tunakula wenyewe.

Mama Furaha (Mhazini): Ndiyo maana faida haionekani kwenu.

Dada Kiongozi: Kalenda tuwapelekee wasichana wazijadili kwenye vikosi vyao, wao ndio watakaozibeba. Kwa kesho, utaratibu ni ule ule. Watu wazima wawili mezani muda wote. Hakuna msichana anayekwenda kuuza peke yake, wala kugonga mlango wa mtu asiyemjua, hata akiwa jirani wa mtaa wa pili. Pesa inahesabiwa na wawili, msichana anaandika, mhazini anatia saini. Giza halitukuti.

Mama Pili: Na mimi je, nikae nyumbani nishone?

Dada Kiongozi: Wewe njoo ukae kwenye kiti, mikono mapajani. Usiuze 😄

JUMAMOSI

Baba Mapacha: Tumeanza. Wamejipangia kazi bila sisi. Tausi anaita watu kwa sauti ya mnada, Jamila ni chenji, Furaha anaandika. Mapacha wangu wanapanga paketi. Wamepanga, wamepangua, wanapanga tena.

Baba Mapacha: Za chokoleti zinakwisha. Za tangawizi zinatutazama tu.

Mama Pili: Nipo hapa kwenye kiti changu. Pili kamwambia mteja "za tangawizi ni tamu". Mteja kamuuliza, umewahi kuonja? Kasema hapana. Kimya. Akafungua paketi moja, akaonja mbele ya mteja, akasema, "Ni kali kidogo, lakini mtu anayependa chai atazipenda." Kanunua mbili! Mimi mdomo nimeufunga kwa mkono.

Bibi Tausi: Huyo ndiye muuzaji. Wewe ofisini ulikuwa unawatisha.

Mama Furaha (Mhazini): Jamani, kuna jambo. Mama mmoja kaacha pesa mezani, biskuti hakuchukua. Kasema, "Hizi wapelekeeni wale wazee mnaowatembelea." Nimeiandika kwenye ukurasa wa huduma, peke yake.

Mama Pili: Lakini kambi bado inapungua, si ndiyo? Tuitumie kwanza kambini, wazee tutawarudishia mauzo yajayo.

Mama Furaha (Mhazini): Hapana.

Mama Pili: Ni mkopo tu mhazini, si wizi.

Mama Furaha (Mhazini): Yule mama hakutukopesha. Alitaja wazee kwa mdomo wake, na wasichana wote walimsikia. Tukiigeuza leo, watajifunza kwamba pesa ya mtu unaweza kuipangia matumizi mengine akishapinda kona. Kambi ikipungua tutapunguza siku au tutauza tena.

Baba Jamila: Nakubaliana na mhazini. Kazini kwangu nimeona vikundi vinavunjika kwa "mkopo tu" wa namna hii.

Mama Pili: Haya, nimeelewa. Nirudi kwenye kiti changu.

Dada Kiongozi: Na ile senti ya Februari nayo ina ukurasa wake, msiichanganye. Bibi, waeleze wazazi wapya.

Bibi Tausi: Tarehe 22 Februari ni siku ya kuwakumbuka wenzetu wa nchi nyingine. Ilichaguliwa mwaka 1926 kwa sababu Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mkewe Olave walizaliwa tarehe hiyo, wote wawili, kwa miaka tofauti. Mwaka 1932 mjumbe wa Ubelgiji akasema siku ya kuzaliwa haisherehekewi bila zawadi, basi Olave akawaandikia wasichana barua, kila mmoja atoe angalau senti moja isaidie skauti wenzake duniani. Enzi zetu tulitoa sarafu zetu wenyewe, ukiomba kwa mama haikuhesabiwa.

Baba Mapacha: Wangu watakopa kwangu wakatoe.

Bibi Tausi: Wape kazi ya kufanya, uwalipe.

JUMAPILI JIONI

Dada Kiongozi: Tumerudi salama kutoka kwa wazee, kila msichana ameshachukuliwa. Mengine nitaandika nikipumzika.

Baba Mapacha: Ujumbe huu umefutwa

Dada Kiongozi: Asante kwa kuifuta Baba Mapacha. Kwa wote: picha inayoonyesha sura ya mzee hairushwi kwenye kundi lolote mpaka yeye mwenyewe akubali, na si mlezi amkubalie. Wengine walikuwa wamelala, wengine hawajavaa vizuri. Hata picha za wasichana zinabaki humu humu.

Baba Mapacha: Nimekupata. Hii je? (Picha: sindano zimechomekwa kwenye kitambaa, kila moja na uzi wake)

Mama Pili: Sindano? Si mlibeba sabuni na blanketi?

Dada Kiongozi: Hatukubeba. Wasichana wawili na mimi tulitangulia wiki iliyopita kuuliza. Sabuni wanazo mpaka zinakauka kabatini, kila kikundi kinachokuja kinaleta sabuni na kupiga picha. Bibi mmoja akasema anapenda kushona, anaweza kabisa, ila macho hayaoni tundu la sindano. Anamsubiri mtu apite amtungie uzi, na ukikatika siku imekwisha.

Baba Mapacha: Basi leo wasichana walikaa chini wakatunga. Mweupe, mweusi, mwekundu, kahawia. Wakaacha mikia mirefu ili uzi usichomoke, wakazichomeka kwenye kitambaa kwa rangi. Yule bibi akavuta moja akaanza hapo hapo kubana vifungo vya sweta la jirani yake, hata kwaheri hakutuaga vizuri.

Bibi Tausi: Safi sana. Mwenye kazi hana muda wa wageni.

Dada Kiongozi: Kazi nyingine ilikuwa simu. Wazee kadhaa wana simu za watoto wao za zamani, maandishi madogo kama chawa. Furaha na Pili walikuwa wanayakuza, wanawawekea majina ya kupiga mwanzoni mwa orodha. Mzee mmoja alikuwa na ujumbe wa mjukuu wake uliokaa siku nyingi bila kusomwa. Alipousoma aliomba Pili amsaidie kujibu. Walichukua muda, maana alikuwa anamkosoa tahajia.

Mama Pili: Huyo mzee nimtafute, Pili anahitaji mtu huyo.

Mama Pili: Je, kwa hili watapata beji?

Dada Kiongozi: Kwa siku moja, hapana. Wanapanga kurudi kila mwisho wa mwezi na wameandika zamu wenyewe. Wakishikilia, na kila mmoja akaweza kueleza alichofanya na kilichobadilika, tutazungumza habari ya beji. Sitaki beji za kuhudhuria.

Baba Jamila: Pesa ya yule mama wa jana imetumikaje?

Mama Furaha (Mhazini): Nyuzi, sindano zenye tundu kubwa, na miwani ya kusomea ya kuchangia pale sebuleni. Kilichobaki kipo. Risiti zimebandikwa kwenye daftari, Jamila ndiye aliyezibandika kwa gundi, kwa hiyo kurasa mbili zimeshikana.

Baba Jamila: 😂 Huyo ni wangu kweli.

Mama Furaha (Mhazini): Kwa upande wa kambi bado kidogo. Wasichana wamesema watauza tena Jumamosi ijayo, bila za tangawizi. Pili pekee kapinga, anazitaka zote ziwe zake.

Dada Kiongozi: Basi tuingie kwenye kambi. Kila msichana: tochi, sahani, kikombe, koti la mvua, viatu vilivyozoeleka mguuni, siyo vipya. Dawa anazotumia zifungwe na kuandikwa jina, anikabidhi mimi. Simu zinabaki nyumbani. Nahitaji mzazi mwenye gari la kubeba mahema.

Baba Mapacha: Mahema nitabeba mimi. Na magodoro pia nibebe?

Dada Kiongozi: Magodoro ya nani?