Tupeane uzoefu: Kujitengenezea gari la fowili (linaloendeshwa na magurudumu yote manne) baada ya msimu wa mvua

Ndugu zangu, salamu kutoka Nakuru. Mvua za masika zikipungua, wengi wetu tunaopita njia za Molo, Mau Narok na nyanda za Kano huosha magari yakang'aa, tukadhani kazi imekwisha, ilhali maji na tope la hasara yamebaki ndani ya difu (sanduku la meno linalopeleka nguvu kwenye magurudumu), kwenye beringi na ndani ya ngoma za breki, ambako mpira wa kuoshea haufiki. Naomba kila mmoja aeleze kazi moja aliyoifanya kwa mikono yake. Naanza mimi.

Nina Land Cruiser 70 ya dizeli. Difu likitoka safarini huwa moto. Likizama ghafla katika maji baridi ya mto, hewa iliyomo husinyaa, na ikiwa tundu la kupumulia limezibwa na tope, maji huvutwa kupitia kwenye sili, yaani mipira inayozuia oili kuvuja. Ndiyo maana baada ya kuvuka maji mengi mimi hukagua oili ya difu bila kungoja kilomita zitimie. Hufungua kwanza nati ya juu ya kujazia, kwa maana ukimwaga oili kisha ukakuta ya juu imeshikana, gari haliendi popote. Safari moja oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Nilipangusa nati ya chini yenye sumaku na kuchunguza chuma kilichonasa: unga laini ni wa kawaida, lakini kipande kinachoshikika kwa kucha ni dalili ya jino lililomeguka. Kwangu ulikuwa unga tu. Nilijaza oili ya bei nafuu ya kusuuzia tu, nikaendesha mwendo mfupi, nikaimwaga, ndipo nikajaza oili nzito ya difu, 80W-90 ya daraja la GL-5. Hatimaye niliondoa kile kizibo kidogo cha kupumulia, nikaunganisha mpira unaopanda hadi ndani ya boneti, juu kuliko maji yoyote ninayokubali kuyavuka. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na meno mapya ya difu.

Mwanachama wa Kitale: Asante, kaka. Mimi nina Suzuki Jimny, nayo hunipeleka Endebess hadi lango la Chorlim la Mlima Elgon. Usukani ulianza kutetemeka vibaya kila nikikaribia kilomita 70 kwa saa, na kila niliyemuuliza alinishauri ninunue shoku mpya ya usukani. Shoku hiyo huficha tatizo tu. Nilianza na kilicho rahisi, yaani kubandua tope kavu lililoganda ndani ya rimu na kupeleka magurudumu yakasawazishwe. Mtetemo ulipungua lakini haukuisha. Niliinua ekseli ya mbele, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, huku kijana wangu akimulika kwa tochi. Beringi ya gurudumu ilikuwa imara. Kilichocheza ni kile kifundo kinachogeuka pamoja na gurudumu, na beringi zake ndogo zilikuwa zimekauka grisi na kushika kutu. Nilizibadilisha pande zote mbili, pamoja na sili, na usukani umetulia.

Mwanachama wa Njoro: Wakubwa, nina swali kabla ya kuingia chini ya gari. Jeki pekee inatosha?

Mwanzisha mada: Haitoshi hata kidogo, ndugu yangu. Jeki ni ya kuinulia tu. Weka stendi za chuma chini ya ekseli, zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa magogo au mawe makubwa, na kwa udongo wetu laini tanguliza ubao mpana na mnene, la sivyo stendi itadidimia upande mmoja. Kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujalala chini yake. Katika hili sina mjadala.

Mwanachama wa Kakamega: Kwangu ni breki za nyuma. Tope jekundu huingia ndani ya ngoma, likikauka husaga viatu vya breki na kuchimba mifereji kwenye ngoma yenyewe. Mimi na mume wangu huzifungua kila mvua zinapokatika, tukaziosha kwa maji na brashi. Hatupulizi vumbi lile kwa hewa, kwani si vumbi la kuvuta. Kabla ya kufunga, hutazama kama silinda ndogo ya breki inavuja.

Mwanachama wa Kisumu: Wenye dizeli, msisahau chujio linalotenga maji na mafuta. Hulegeza koki iliyo chini yake, nikakinga kwa chupa angavu na kuiacha itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu, nawe unaona mwenyewe kilichokuwa kinaelekea kwenye injekta, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Oili chafu huikusanya kwenye mtungi nikawapa mafundi wa jua kali wanaoihitaji, kwa maana ikimwagwa mtaroni huku kwetu, mvua huipeleka moja kwa moja ziwani.

Mwanzisha mada: Nashukuru nyote. Bado hatujampata aliyefungua kifundo cha mbele cha Land Cruiser na kubadilisha sili ya ndani, ile ambayo ikichoka, oili ya difu huchanganyika na grisi na kuchuruzika kwenye gurudumu. Mwenye uzoefu huo atueleze hatua kwa hatua, kwa sababu yangu ya kushoto imeanza kulowa.