Jumapili nina ibada mbili, nikirudi nyanya zimelala, nifanyeje?

Mtumishi wa Machame:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mchungaji wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huku Machame, Kilimanjaro, Jumapili yangu ni ibada ya kwanza saa 1, ya pili saa 4, tukitoka ni mnada wa sadaka za mazao pale nje, ndizi, mayai, jogoo, na mnajua mnada wetu ulivyo, mtu ananunua jogoo anamrudisha ananadiwa tena, baada ya hapo napeleka chakula cha Bwana kwa wazee wasioweza kutembea, nafika nyumbani saa 10. Nyuma ya nyumba nina nyanya na mboga ya mnafu, nyanya nazikuta zimelala hoi. Nimwagilie jioni hiyo hiyo au nisubiri Jumatatu? Halafu kuna washarika wakiniona na keni ya kumwagilia siku ya Bwana wananong'ona. Inaniuma, maana ile bustani ndo inanipumzisha, nikishaongea na watu tangu alfajiri nataka tu kushika udongo.

Mama Kihamba:
Amen mchungaji. Mwagia jioni ila shinani tu, usiloweshe majani, yakilala na maji kwenye baridi ya huko kwenu ukungu hauchelewi. Mi natandaza majani makavu ya migomba kwenye mashina, nikimwagia Jumamosi jioni Jumapili naenda kanisani roho kwatu. Na hao wanaonong'ona wasome Luka 14, ng'ombe aliyetumbukia kisimani Sabato si anatolewa? Nyanya nayo ina kiu.

Bwana shamba mstaafu:
Shikamoo mchungaji. Kabla ya maji angalia, usiku zinaamka? Zikiamka mara nyingi ni jua tu. Zisipoamka kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi dakika chache, ukiona uziuzi mweupe kama maziwa unashuka huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa, ng'oa mche na udongo wake ukachome, na usiache maji yatiririke toka hapo kwenda kwenye mingine.

Mtumishi wa Machame:
Marahaba, asanteni sana. Nimejaribu leo baada ya ibada, mitatu imetoa maziwa kweli, nimeing'oa, imeniuma maana nilisia mwenyewe. Mingine imeamka. Bwana shamba, hapo kwenye mashimo nikiweka pilipili hoho inafaa?

Bwana shamba mstaafu:
Hapana baba, hoho na bilinganya ni ukoo mmoja na nyanya, zitaugua. Weka mahindi.