Yule aliyekuwa ndani ya Godzilla alikuwa anaigiza au anavumilia tu?

Mkesha_wa_Sinema:
Wakuu, salaam. Jana usiku nimerudia Godzilla ya kwanza, ile filamu ya Kijapani ya zimwi, nyeusi na nyeupe, ya 1954. Mdogo wangu akapita nyuma ya kochi, akatupia jicho, akasema: "Si mtu huyo, kavaa mpira?" Sikuwa na jibu. Ni mtu kweli, na mpira ni mpira. Lakini filamu nyingi za mtu ndani ya mpira nacheka hata dakika haijaisha, na hii sijawahi kuicheka. Anatembea kama jengo lililoamua kuhama. Ndani alikuwa nani? Na alikuwa anaigiza, au kazi yake ilikuwa kuvumilia joto tu?

Kichwa_cha_Tembo:
Mkuu, anaitwa Haruo Nakajima. Swali la pili limenigusa, maana nimewahi kula kwa jasho hilo. Miezi saba nilivaa tembo wa manyoya kwenye matangazo ya kampuni moja, jina tuliache. Vazi lenyewe halikufika kilo 8. Baada ya dakika kumi jasho linaingia machoni na huna la kulifutia, kwa sababu mikono yako imeshakuwa miguu ya tembo. Unachungulia kwa kitobo cha mdomoni. Mtoto akikujia ubavuni, humwoni mpaka umemkanyaga.

Sasa vazi la kwanza la Godzilla lilikaribia kilo 100. Lilikuwa gumu kiasi kwamba Nakajima alijikongoja mita chache tu akaishiwa. Mafundi wakatengeneza la pili, jepesi zaidi kidogo, na lile la kwanza wakalikata vipande ili wapige picha za miguu na za kiwiliwili peke yake. Naye alichungulia kwenye vitobo vya shingoni, maana kichwa cha zimwi kilikuwa juu ya kichwa chake.

Halafu kuna suala la kamera, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Ili zimwi lionekane zito, Eiji Tsuburaya, bwana wa hila za picha pale Toho, studio iliyotengeneza filamu hiyo, alikuwa anaiendesha kamera kasi kuliko kawaida. Ukija kuionyesha picha kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinapungua kasi: vumbi linashuka taratibu, ukuta unamomonyoka badala ya kudondoka kama boksi. Lakini kamera ikienda hivyo inataka mwanga mwingi, kwa hiyo taa zinaongezwa, na joto nalo. Na mtu aliye ndani anajua kila anachofanya kitavutwa kirefu. Akiinua mguu kivivu, kwenye skrini ataonekana amesinzia. Akirusharusha mikono, uzito umekwisha. Anapima mwendo ambao yeye mwenyewe hauoni. Huo ni uvumilivu tu?

Tena hakuokotwa barabarani. Alizaliwa 1929 huko Sakata, mkoa wa Yamagata, na alikuwa mwigizaji wa Toho wa kazi za hatari. Mwaka 1953, kwenye filamu ya vita ya Ishiro Honda, mwongozaji yuleyule wa Godzilla, alikuwa rubani anayewaka moto, na moto ulikuwa moto kweli. Kwenye ile ya mwongozaji Kurosawa ya samurai saba yumo pia, jambazi mmojawapo. Alipopewa Godzilla alienda bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, kutazama tembo na dubu wanavyotembea. Mimi nilivaa tembo miezi saba na wazo hilo halikunijia hata siku moja.

Mzee_wa_Reli:
Nyongeza. Mwaka 1956 alikuwa ndani ya Rodan, zimwi jingine la Toho, lenye mabawa. Akiwa ananing'inia juu ya maji, waya ukakatika akaporomoka. Mabawa na maji ndivyo vilivyomwokoa. Na watu husema "Godzilla 12 mfululizo, 1954 mpaka 1972". Hesabu ni sawa, ila ile ya 1967 yenye mtoto wa Godzilla, sehemu kubwa walivaa wengine. Tusimpe asichofanya.

Kichwa_cha_Tembo:
Umenishika, mzee. Basi nami niongeze unachosahau: mkia haukuwa wake kabisa. Kulikuwa na watu juu wakiuchezesha kwa nyaya. Yaani anapigana, anachungulia kwa shingo, na nyuma yake kuna kiungo chenye akili za watu wengine.

Mkesha_wa_Sinema:
Aisee. Na baada ya 1972?

Kichwa_cha_Tembo:
Tsuburaya alifariki Januari 1970, na Nakajima alitaka kuacha hapo hapo. Akashawishiwa akaendelea kidogo. Ya mwisho ni ile ambayo Godzilla anapigana na zimwi Gigan, 1972. Baada ya hapo studio ilimhamishia kwenye ukumbi wake wa bolingi. Ndiyo, ule mchezo wa kuangusha pini. Mtu aliyeangusha Ginza nzima, mtaa wa maduka wa Tokyo! Sijui nicheke au nikasirike, kila nikikumbuka nachagua kukasirika. Uzeeni mashabiki walimtafuta, akaalikwa mpaka Marekani. Alifariki Agosti 2017 akiwa na miaka 88.

Ila mdogo wako usimjibu kwa Godzilla. Mwekee ile ya 1966 ya majitu mawili ndugu, la kahawia na la kijani. La kijani, Gaira, ni Nakajima, na pale kinyago kiliacha macho yake mwenyewe yaonekane. Nenda moja kwa moja kwenye tukio la uwanja wa ndege wa Haneda.

Mkesha_wa_Sinema:
Nimerudi. Tumeiangalia wote wawili. Anamkamata yule mwanamke dirishani, anamla, na mpaka hapo mdogo wangu anakejeli. Kisha mawingu yanafunguka na jua linampiga usoni. Gaira anababaika, macho yanahangaika kama ya mwizi aliyewashiwa taa, anageuka na kukimbilia baharini. Kukimbia hasa, magoti juu.

Mdogo wangu kachukua rimoti, karudisha nyuma. Sasa ni mara ya tatu, na mimi nataka kulala.