Bweni lenye mlango mmoja: tuanzie wapi?

Wadau, shule yetu hapa Kenya ina wavulana 80 katika bweni moja, madirisha yana vyuma. Mitihani ya majaribio inakaribia na manung'uniko yamezidi. Tufanye nini kabla hawajawasha moto?

Jibu 1: Mwalimu, kateni vyuma leo, msingoje bajeti! Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa 2008 unataka mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, upana futi 5, ufunguke kwa nje. Vitanda viachane mita 1.2. Shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 bweni liliwashwa moto wakafa wavulana 67: madirisha yalikuwa na vyuma, mlango mmoja kati ya miwili umefungwa.

Jibu 2: Tena kufuli. Mlezi hufunga kwa nje wasitoroke, akalale na ufunguo mfukoni. Wekeni komeo la ndani. Zoezi la moto lifanyike usiku, taa zimezimwa, na muwahesabu kwa rejista ya bweni, si ya darasa.

Jibu 3: Sanduku la maoni lisikae mlangoni pa mwalimu mkuu, hakuna atakayethubutu kulitumia. Litundikeni karibu na vyoo, lifunguliwe kila Ijumaa, majibu yasomwe gwarideni Jumatatu. Mwanafunzi anayeogopa kabisa apige 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.