Majarida ya mitindo ya akina mama: mnayapendea nini, na nini kinawakera?

FundiWaMagomeni

Habari zenu humu ndani. Nina boksi la mafuta ya kula, lile kubwa la kubebea madumu, limejaa majarida ya mitindo ya wanawake. Mengine yamemzidi umri binti yangu wa pili. Nimeyakusanya tangu nilipoweka cherehani barazani hapa Magomeni mwaka 2001: mengine nilinunua kwa wauza vitabu vya mtumba, mengine wateja waliyasahau, mengine yalikuja na ndugu kutoka Ulaya. Sasa mtoto wa dada yangu, anayenisaidia kwenye ovaloki, kaniambia, "Mama mdogo, haya yanafuga panya tu. Watu siku hizi wanakuja na simu." Na kweli wanakuja na simu. Ila kabla sijayatoa, nawauliza mnaosoma: mlikuwa mnayapendea nini, na nini kilikuwa kinawakera?

Nianze mimi.

Ninachokipenda hakihusu uzuri wa picha. Kuna Burda, la Wajerumani. Katikati yake imekunjwa karatasi kubwa kama shuka la mtoto, imejaa mistari iliyopandana, ya rangi hii na rangi ile, mingine ya nukta nukta. Ukiiona mara ya kwanza utadhani mtoto kachezea kalamu. Kumbe ni ramani za nguo zote zilizomo kwenye toleo. Unatafuta namba ya kipande chako, unaufuata mstari wake kwa jicho, unaunakili kwenye karatasi ya kaki. Ukikosea kwenye njia panda moja tu, ushaingia kwenye mkono wa gauni lisilo lako. Mara yangu ya kwanza nilikata bila kujua kwamba ramani zile hazina nafasi ya kushonea, unaongeza mwenyewe sentimita moja na nusu. Gauni la mtu mzima likatoka la mtoto wa darasa la nne. Lakini kola ya shati niliyojifunzia pale ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Kinachonikera: wanaonyesha mbele tu. Miaka yote hii nageuza kurasa natafuta mgongo wa gauni, siuoni. Zipu iko wapi? Mkato wa kiuno umeishia wapi? Dada kaweka mkono kiunoni, anatabasamu, basi.

Mwaka 2013 alikuja mteja na ukurasa alioupasua kwenye jarida moja, gauni la sendofu, rangi ya maji ya bahari. Limemkaa yule dada wa pichani kama ganda lilivyolikaa embe, hakuna mkunjo hata mmoja. Mteja kaja na satini yake: "Hivi hivi, fundi, usipunguze usiongeze." Nikashona. Nikafumua, nikashona tena. Mara tatu. Akiinua mkono, kiuno kinapanda. Akikaa, tumboni panajikunja. Siku ya shughuli alilivaa, ila hakunisemesha mwezi mzima, na salio langu la shilingi 30,000 sikuliona mpaka leo.

Mwaka uliofuata binti wa jirani akaitwa kupigwa picha za mitindo. Aliporudi akanihadithia kwamba kabla ya picha walimbana gauni kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo, kuanzia mabegani mpaka makalioni. Vingapi? Saba. Nikacheka mpaka machozi, halafu hasira zikanipanda. Wiki mbili nzima nilikuwa nashindana na vibanio!

Haya, semeni na nyie.

KijanaWaTandale

Fundi lete huku, mama anauza maandazi. Tutafungia.

FundiWaMagomeni

Mwanangu, karatasi ya kung'aa hainyonyi mafuta. Andazi litaogelea. Mtafutie mama magazeti ya kawaida.

SaluniNjiro

Pole na vibanio shosti 😂

Mimi nina saluni huku Arusha. Mteja akiwa chini ya draya dakika arobaini anahitaji kitu mkononi, na simu hapo haifai, masikio yamezibwa na joto lote lile. Kwa hiyo majarida ninayo, hata yasiyo na jalada.

Nachopendea ni kwamba picha inamaliza ubishi. Mteja akikuambia "punguza kidogo", kidogo yake na kidogo yangu ni vitu viwili. Akiweka kidole kwenye picha, tumeelewana. Flaviana Matata aliposimama kwenye Miss Universe 2007 kichwa kimenyolewa, nilibandika picha yake kwenye kioo. Wasichana watatu walikaa kitini wakaniambia "kama huyu". Mmoja wao mama yake alinifuata kesho yake na mkoba begani, nikajua hakuja kusuka.

Kinachonikera ni ule unafiki wa kurasa mbili. Kushoto kuna makala ndefu, penda rangi yako, uzuri wa mwanamke mweusi. Kulia, ukurasa mzima, tangazo la krimu ya "kung'arisha", na dada aliyepigwa taa mpaka pua imepotea. Mteja wangu mmoja alisoma zote mbili akaiamini ya kulia. Alichonunua sokoni hakikuwa hata na maandishi ya kueleweka. Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi ni marufuku hapa nchini, lakini kikopo kinapita mpakani kama kawaida. Alikuja kwangu shavu moja limeiva, anataka nimtengeneze nywele zimfunike upande ule. Nikamtengenezea. Ningefanyaje?

MstaafuIlala

Wanangu hamjambo. Mimi ni bibi, naandikiwa na mjukuu lakini maneno ni yangu.

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi na minane, mpiga chapa kwenye ofisi moja mjini Dar. Jarida letu lilikuwa Drum. Moja linasomwa na ofisi nzima mpaka kurasa zinalainika kama kitambaa. Humo ndimo nilimoona mini. Nikampelekea fundi mmoja wa Kisutu ile picha, akaitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Mama yako anajua?" Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe.

Oktoba ile ile Umoja wa Vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ni marufuku nguo fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Januari yenyewe haikusubiriwa. Vijana wakaanza kuwakimbiza wasichana Kariakoo, wengine wanashushwa kwenye mabasi. Mimi nilikuwa ndani ya basi, na mini yangu ya bluu. Mama mmoja abiria, hata jina lake sikulijua, hakusema neno. Alifungua kanga yake ya juu akanifunga kiunoni, akabaki na ya chini. Nikashuka hivyo, nikatembea mpaka nyumbani sigeuki nyuma. Nilitaka kuirudisha ile kanga, ningempata wapi?

Magazetini wakabishana wiki na wiki, eti utamaduni. Wengi walioandika ni wanaume, na wengi wao wamevaa suti na tai.

Kwa hiyo fundi, wewe jarida lilikudhulumu 30,000, mimi lilitaka kunipigisha. Na bado nililipenda! Nililipendea ukurasa wa barua, wa Dolly. Wasichana wanamwandikia: mpenzi wangu kanikimbia, baba ananilazimisha, nifanye nini. Dolly anajibu kama dada mkubwa, anakukanya kidogo, anakubembeleza kidogo. Mimi nilimwamini kuliko shangazi zangu. Nilishazeeka ndipo nikaja kusikia kwamba jina na sura vilikuwa vya mwimbaji wa Afrika Kusini, Dolly Rathebe, lakini waliokuwa wanayaandika majibu ni waandishi wa kiume. Wanaume, wamekaa na sigara zao, wanatufundisha namna ya kuwavumilia wanaume!

Ile mini niliifanya foronya.

FundiWaMagomeni

Shikamoo bibi. Sina la kuongeza hapo kwa Dolly. Foronya ipo?

MstaafuIlala

Marahaba mwanangu. Ipo. Zipu yake haijaharibika mpaka leo, fundi yule alikuwa fundi.

MwalimuNakuru

Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Mimi ni mwanamume na msinicheke. Mke wangu hununua Parents, ile ya Nairobi iliyoanza mwaka 1986, nami huisoma kabla yake kwa sababu hufika nyumbani mapema. Ninachopenda ni jalada: mume na mke wa kweli, watu wenye majina na kazi zao, na mara nyingi watoto wao. Ndani wanasimulia walivyokutana na walivyokosana. Nimejifunza humo kuomba msamaha bila kuongeza neno "lakini". Mke wangu anadai sijajifunza.

Yanayoniudhi ni yale mengine ya kifahari. Kuna ukurasa wa "vitu vya lazima msimu huu", na cha kwanza ni mkoba usiotosha hata daftari moja, bei yake ni karo ya muhula mzima. Lazima kwa nani?

Tena mapishi. Siku moja mke wangu alikuwa safarini, nikaamua niwapikie watoto kutoka kwenye jarida moja. Wakataka jibini ya mbuzi, majani ya basili na kijiko cha siki ya balsamiko. Nilizunguka soko zima. Mbuzi niliwaona, jibini yao hapana. Mwishowe nikatia sukuma wiki mahali pa basili na ndimu mahali pa siki. Pichani chakula kilikuwa kimesimama kama mnara. Changu kililala. Watoto walikula huku wakitazamana, na mdogo akauliza mama atarudi lini.

SaluniNjiro

Mwalimu umeniua 😂😂 "Mbuzi niliwaona"

DadaWaFreiburg

Hamjambo wapendwa. Fundi, umenigusa uliposema Burda. Mimi ni wa Tanga, naishi Ujerumani mwaka wa kumi na moja, na Offenburg linakotoka jarida hilo ni hapa hapa jirani kwa treni. Mwanzilishi wake ni mama mmoja, Aenne Burda, aliyelianza 1950, vita vimeisha miaka mitano tu, watu hawana kitu. Ramani zile alianza kuzitia 1952. Mwanamke aliyekuwa na cherehani na mapazia ya zamani akaweza kujishonea koti. Bado linatoka mpaka sasa.

Nikuambie ninalolipendea mimi: kuna kurasa za saizi kubwa, 44 mpaka 52. Nilipofika huku nilikuwa naingia dukani natoka na skafu, kwa sababu skafu haina kiuno. Suruali yangu ya kwanza iliyonikaa vizuri niliishona mwenyewe, kwenye cherehani ya kuazima, kwa ramani ile. Niliharibu mbili kwanza.

Kinachonikera kwenye majarida ya wanawake ya huku kwa jumla: jalada moja, juu limeandikwa upunguze kilo tano, chini kuna picha ya keki ya krimu na maelekezo ya kuioka. Toleo lile lile! Mama mkwe wangu analinunua kila wiki. Anaioka ile keki, anakula, halafu anasoma habari za kilo.

Fundi, ninazo karatasi kama thelathini hivi. Nikikutumia utazitumia, au na wewe umeshahamia kwenye simu?

FundiWaMagomeni

Mwanangu wa Freiburg, nitumie! Kwanza hizo za 44 mpaka 52. Wateja wangu wengi ndio hao, na wamechoka kuambiwa "nikuongezee rinda la kuficha tumbo". Suruali hasa. Suruali ya mwanamke mwenye mapaja, hakuna picha ya simu iliyowahi kunifundisha kuikata. Picha ya simu nayo inaonyesha mbele tu, tofauti yake unaweza kuikuza, ukaona mbele kubwa zaidi.

Nimewasoma wote. Boksi halitoki. Nimeondoa mawili ambayo kweli panya alishayamaliza. Yule mtoto niliyemtuma ayapange ayafunge kamba, tangu alasiri ovaloki haijanguruma. Kakaa chini, kajizungushia majarida, ananiuliza kama watu kweli walikuwa wanavaa mabega makubwa vile. Nikamwambia walivaa, na mimi niliyashona, na sponji nilikata kwenye godoro. Bibi wa Ilala, nikipita Ilala nitaomba kuiona hiyo zipu, kama mjukuu ataniruhusu.

Dada wa Freiburg, ombi moja. Ukituma, usizikunje upya ziingie kwenye bahasha ndogo. Ziache kwenye mikunjo yake ile ile ya kiwandani. Zikikunjwa vingine zinachanika kwenye kona, na mimi nitampotezea mtu kwapa.